Uliza Mwashi: Majumba ya Venice na matope yanayoyabeba

Mwezi uliopita nilikuwa najibu swali la lipu ya chokaa, nikapitisha sentensi moja tu kwamba mwaka 1994 nilikaa wiki 11 Venice, Italia, nikijifunza kutengeneza kuta za kale. Sikutegemea sentensi hiyo iwaguse watu namna hii. Barua zimekuja kutoka Kibirizi, Kasulu, Gungu, Mwanga na Tabora, na karibu zote zinauliza habari za yale majumba makubwa ya kwenye mifereji. Nimechagua sita. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mwashi wa Ujiji. Nilishika mwiko mwaka 1971, nikafanya kazi miaka mingi Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisha nikarudi nyumbani. Maswali ya nondo na kokoto yatasubiri mwezi ujao.

*

SWALI: Shikamoo mzee. Ofisini kwa wenye boti pana kalenda ya Venice. Nyumba za ghorofa zimetoka majini moja kwa moja, hakuna hata kipande cha ufukwe. Wenzangu wanasema zimesimama juu ya miti. Ziwa lilipopanda miaka ile ya 2020 na 2021, nyumba ya baba mdogo iliingia maji, na haikumaliza miezi mingi ukuta wa mbele ukalala. Ile ilikuwa ya tofali na saruji. Ni mti gani huo usiooza miaka 500? (Fundi kijana, Kibirizi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole nyingi kwa baba mdogo. Nianze na miti, maana hata mimi usiku wangu wa kwanza kule sikupata usingizi kwa kuiwaza.

Mji ule uko katikati ya wangwa, kwa neno la watu wa pwani: tambarare ya tope ambayo maji ya chumvi huifunika yakijaa na kuiacha wazi yakipwa. Ndani ya tope hilo kuna visiwa vidogo zaidi ya 100, na mingi ya mifereji unayoiona kwenye kalenda ni nafasi iliyobaki kati ya kisiwa na kisiwa. Fundi aliyetaka kujenga alikizungushia kiwanja uzio wa mbao, akatoa maji, kisha akaanza kupigilia vigingi vya mti. Si virefu kama watu wanavyodhani. Vingi vilikuwa vya mita 2 au 3, vimechongwa ncha, vinabanana kichwa kwa kichwa kama njiti ndani ya kiberiti. Vilipita kwenye tope laini vikashuka mpaka kwenye mfinyanzi mgumu ambao wenyeji wanauita caranto. Waliopigilia walikuwa na nyimbo zao za kuinulia lile gogo zito na kuliachia kwa pamoja, kama wavuta nyavu wa hapo kwenu.

Juu ya vichwa vya vigingi walilaza mbao nene, tabaka mbili, moja ikiikata nyingine. Juu ya mbao wakaweka jiwe jeupe la Istria, kutoka ng'ambo ya bahari ya Adriatiki, jiwe lililoshikamana kiasi kwamba halinywi maji ovyo. Ndipo matofali yakaanza. Daraja la Rialto, lililojengwa kati ya mwaka 1588 na 1591, limekaa juu ya vigingi 12,000 hivi. Kanisa la Salute, pale mdomoni mwa Mfereji Mkuu, lina zaidi ya milioni moja.

Sasa kuoza. Maji peke yake hayaozeshi mti. Mti unaliwa na kuvu na wadudu, na hao wanahitaji hewa kama wewe na mimi. Kigingi kilichozikwa kwenye tope lililoshiba maji hakipati hewa, kwa hiyo kinachakaa polepole mno. Ukitaka ushahidi, nenda kwenye gati lolote la zamani la miti hapo ziwani uitazame nguzo. Chini kabisa ni nzima. Juu kabisa ni nzima. Imeliwa kiunoni, pale maji yanapopanda na kushuka, inapolowa leo na kukauka kesho. Mafundi wa Venice walilijua hilo, ndiyo maana vichwa vya vigingi vyao viliwekwa chini ya usawa wa maji yaliyopwa, visione jua kamwe. Mnara mkubwa wa uwanja wa Mtakatifu Marko uliporomoka tarehe 14 Julai 1902, na walipofukua waliikuta misingi ya kale bado ina nguvu. Waliipanua, wakajenga mnara mpya juu yake, ukafunguliwa mwaka 1912.

Kwa sababu hiyohiyo usikimbilie kupigilia miti Kibirizi. Bahari ile hupanda na kushuka kwa kipimo kinachojulikana kila siku. Ziwa letu lina tabia nyingine, linapanda miaka kadhaa na kurudi nyuma miongo. Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa karibu sana na pale penye mnara wa kumbukumbu. Leo kutoka pale unatembea mpaka ujasho ndiyo ufike ufukweni. Kigingi kilichokuwa chini ya maji siku ya kujenga kingeachwa kikavu, na hapo ndipo kingeoza.

Nyumba ya baba mdogo sikuiona. Ila zile nilizoziona mwaka ule Kibirizi na Katonga, nyingi hazikuangushwa na kulowa. Wimbi lilichota mchanga chini ya msingi, upande mmoja ukashuka, na ukuta wa saruji ukikosa kitako haukubali kupinda, unakatika. Majumba ya Venice yanapinda. Yamejengwa kwa matofali na chokaa, sakafu zake ni mbao, na kuta zimefungwa kwa vyuma vilivyoshikwa na vipande vya jiwe kwa nje. Nililala mwenyewe kifudifudi kwenye sakafu ya ghorofa ya pili ya jumba la karne ya 15 nikaweka pimamaji: mteremko ulikuwa zaidi ya kiganja kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na hapakuwa na ufa wa kuingiza hata kucha. Siku ile nilinyamaza hadi jioni.

*

SWALI: Nafundisha historia sekondari, Kasulu. Wanafunzi waliniuliza, mji mmoja unawezaje kuwa na majumba ya kifalme zaidi ya 100? Wafalme walikuwa wangapi? Nikakosa jibu. (Mwalimu wa kike)

JIBU: Mwalimu, hakuwepo mfalme hata mmoja, na ukilishika hilo utaelewa kila dirisha la majumba yale.

Venice ilikuwa jamhuri ya wafanyabiashara. Mkuu wao aliitwa Doge. Alichaguliwa na wakubwa wenzake, akakaa kitini hadi kufa, lakini mwanawe hakurithi. Kuanzia mwaka 1297 koo kubwa zikajifungia mlango wa Baraza Kuu, na ambaye ukoo wake haukuwa ndani kabla ya hapo, hakuingia ila kwa tabu kubwa. Utawala huo uliendelea hadi tarehe 12 Mei 1797, majeshi ya Napoleon yakiwa yamekaribia, Baraza likajivunja lenyewe.

Kwa desturi yao jengo moja tu lilistahili kuitwa palazzo, yaani ikulu: la Doge. Mengine yote yaliitwa Ca', ufupi wa casa, nyumba. Ca' Foscari, Ca' Pesaro, Ca' Rezzonico: nyumba ya kina Foscari, ya kina Pesaro, ya kina Rezzonico. Sisi Ujiji tunasema hivyohivyo, nyumba ya kina fulani, ikiwa ya udongo au ya ghorofa.

Na zilikuwa nyumba za kazi. Chini ni ghala. Mashua ilifungwa kwenye mlango wa maji, mzigo ukaingizwa kwenye ukumbi mrefu wenye giza na ubaridi, pilipili, pamba, nta, hariri, na upande wa pili kulikuwa na mlango wa nchi kavu. Juu ya ghala mara nyingi walibana ghorofa fupi ya makarani. Ghorofa inayofuata ndiyo ya wenyewe, yenye dari la juu, na katikati yake kuna ukumbi unaoikata nyumba nzima kutoka mfereji hadi nyuma, unaoitwa portego. Vyumba viko kushoto na kulia.

Wafundishe wanafunzi wako kuisoma picha. Watafute katikati ya uso wa nyumba, pale madirisha yanapobanana matano, sita, hata manane kwa safu. Hapo nyuma yake ni portego. Yale madirisha mawili mawili ya pembeni ni ya vyumba. Uso mzima unaweza kuwa matundu matupu kwa sababu haubebi uzito wa sakafu: boriti zimelala sambamba na mfereji, zikashikwa na kuta ndefu zinazoingia ndani. Kwa hiyo fundi alikuwa huru kuupamba uso na, zaidi ya hapo, kuufanya mwepesi, maana ukingoni mwa mfereji ndipo tope lilipo dhaifu. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti ulioelea kwenye mto Piave kutoka milimani. Nilipolisikia hilo nilikumbuka Zanzibar, ambako chumba kina upana wa mita 3 hivi kwa sababu boriti ya mkoko haiendi zaidi ya hapo. Waashi wasiowahi kuonana walitii mti uleule.

Nyumba hizo zilibeba huzuni pia. Francesco Foscari akiwa Doge alinunua jumba la zamani kwenye kona ya Mfereji Mkuu mwaka 1452, akalibomoa, akajenga kubwa zaidi mahali ambapo kila aliyepita kwa boti angeliona kutoka mbali. Mwanawe Jacopo alihukumiwa akafukuzwa nchini, akafia Krete. Mwaka 1457 wakubwa wakamvua mzee uongozi baada ya miaka 34. Alirudi kwenye nyumba yake mpya, akafa baada ya siku chache. Leo nyumba hiyo ni chuo kikuu, vijana wanakaa ngazini na mabegi yao.

Wafanyabiashara wageni nao walikuwa na majumba yao. Wajerumani walikuwa na lao karibu na Rialto, likaungua mwaka 1505 likajengwa upya. Wafanyabiashara wa Kituruki walipewa jumba la karne ya 13 mwaka 1621. Nyumba hizo ziliitwa fondaco, neno lililotoka kwenye Kiarabu, funduq, nyumba ya msafiri na mizigo yake. Chukua wanafunzi, nauli ikiruhusu, mpaka Kwihara nje ya Tabora mkaone lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ni udongo na miti, paa lake bapa, mlango umechongwa kwa ufundi wa pwani. Lakini wazo ni lilelile: mali na mwenye mali chini ya paa moja, ua katikati, mlango mmoja wa kuangaliwa.

Si wote waliomaliza. Kina Venier walianza jumba mwaka 1749 wakaishia ghorofa ya chini. Likabaki boma kwa miaka 200, hadi Peggy Guggenheim, Mmarekani, alipolinunua mwaka 1949 na kuweka humo michoro yake. Ni makumbusho sasa, fupi hivyohivyo katikati ya majirani warefu.

*

SWALI: Babu shikamoo. Nimesoma kuna nyumba ya dhahabu kule. Ni dhahabu kweli au jina tu? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tabora)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Ilikuwa dhahabu kweli.

Inaitwa Ca' d'Oro. Marin Contarini alianza kuijenga katika miaka ya 1420 na aliiandikia hesabu kila siku kama muuza duka, ndiyo maana tunajua hata majina ya waashi: Matteo Raverti aliyetoka Milano na watu wake, na Giovanni Bon na mwanawe Bartolomeo, wenyeji. Jiwe la uso limechongwa likawa kama kitambaa cha kufuma. Ukiwa umekulia kwenye milango ya nakshi ya Zanzibar, mkono unakuwasha ukiiona, unataka kuigusa. Mwaka 1431 Contarini akaandikiana mkataba na mpaka rangi: vichwa vya nguzo, simba na maua vipakwe dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, nyuma yake buluu ghali ya jiwe lililosagwa, na jiwe jekundu lipakwe mafuta ling'ae. Jua likipiga majini nyumba ilikuwa inawaka.

Yote hayo yalikwenda na mvua na hewa ya chumvi. Lakini kilichoniumiza ni kilichofanywa na watu. Katika miaka ya 1840 nyumba ilikuwa ya mcheza dansi maarufu, Marie Taglioni, na msanifu aliyepewa kazi ya kuitengeneza aling'oa ngazi ya uani na kuuza mawe ya nakshi, hata kizingiti cha kisima alichokichonga Bartolomeo Bon kikauzwa. Baadaye, mwaka 1894, Giorgio Franchetti akainunua. Alikuwa tajiri na angeweza kulipa mafundi akakaa kivulini. Alikitafuta kile kizingiti mpaka akakirudisha, ngazi ikajengwa tena kwa mawe yake, na sakafu ya ua wa chini aliibuni yeye na kuitandaza vipande vya marumaru kwa mikono yake, magoti chini. Mwaka 1916 akalikabidhi taifa nyumba yote. Majivu yake yamezikwa palepale, chini ya nguzo ya jiwe jekundu, juu ya sakafu aliyoipanga. Nilikwenda mara nne. Mara ya nne nilivua kofia.

*

SWALI: Mzee wangu, wamezungukwa na maji ya chumvi, walikuwa wanakunywa nini? Sisi Gungu ziwa tunaliona kwa macho na ndoo bado tunanunua. (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mvua, mama. Katikati ya kila ua na kila uwanja kuna kizingiti cha jiwe, na ukikiona unadhani ni kisima cha kuchimba. Chini yake ni tangi. Walichimba shimo pana la mita kadhaa, wakalikandika mfinyanzi pande zote na chini ili chumvi isiingie, wakalijaza mchanga safi, na katikati wakasimamisha bomba la matofali. Maji ya mvua yaliingia kwenye matundu ya pembeni, yakachujwa na mchanga, yakatokea katikati yakiwa safi. Karne ya 19 walihesabu visima vya namna hiyo zaidi ya 6,000 mji mzima, vingi vikiwa ndani ya nyumba za watu. Bomba la maji kutoka bara lilifika mwaka 1884.

Kigoma mvua inanyesha kuanzia Oktoba hadi Mei na tunaiacha ikateremka na udongo wetu hadi ziwani. Mfinyanzi tunao, mchanga tunao. Mama, ukipata majirani wanne wa kuchangia kuchimba, niandikie tena nitakuchorea kipimo.

*

SWALI: Nina nyumba ya marehemu baba hapa Tabora, ya matao, kuta nene, imejengwa kwa mawe na chokaa. Paa la nyuma liliungua mwaka juzi. Wanangu wanataka tuibomoe yote tuinue ya kisasa. Tena nasikia hata hiyo Venice yenyewe inazama. Je, wao hawakuwahi kutamani kubomoa? (Mzee mwenzako)

JIBU: Asalaam alaykum, ndugu yangu. La kuzama nalijibu haraka. Tangu mwaka 1897 walipoweka kipimo, maji yamepanda karibu sentimita 30 ukilinganisha na ardhi, sehemu kwa bahari kuongezeka, sehemu kwa ardhi kushuka, hasa katikati ya karne iliyopita viwanda vya bara vilipovuta maji ya chini kupita kiasi. Mafuriko makubwa yalifika sentimita 194 tarehe 4 Novemba 1966, na 187 mwezi Novemba 2019. Mwaka 2020 walianza kutumia milango 78 ya chuma inayolala chini ya bahari na kuinuka ikijazwa hewa. Ubaya ni kwamba maji yakipita juu ya lile jiwe la Istria, tofali linakunywa chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya tofali inalipasua likawa unga. Wiki 11 zangu zote nilikuwa nakwangua unga huo.

Kuhusu kubomoa, nikuhadithie ikulu ya Doge. Jengo tunaloliona lilianzwa mwaka 1340. Chini nguzo na matao, juu yake matao mengine mepesi, halafu juu kabisa ukuta mzito wa rangi ya waridi na nyeupe. Kwa hesabu ya mwanafunzi limegeuzwa miguu juu kichwa chini, na limesimama. Limeungua mara kadhaa. Moto wa Desemba 1577 ulikula ukumbi wa Baraza Kuu, wenye urefu wa mita 53 na upana wa 25 bila nguzo hata moja katikati, dari lake likiwa limening'inizwa kwenye kenchi za mbao. Kuta zilibaki zimepasuka. Baraza likawaita wataalamu. Andrea Palladio, msanifu aliyeheshimika kuliko wote wakati ule, akashauri lijengwe upya kwa mtindo wa Kirumi uliokuwa wa kisasa kwao. Wengine wakasema nguzo zikaguliwe moja moja kwanza.

Kazi akapewa Antonio da Ponte, fundi wa kazi, mzee wa zaidi ya miaka 60. Alibadilisha mawe yaliyoungua, akaziba baadhi ya matao ya pembeni kwa nguvu, akainua kenchi mpya, na uso wa jengo akauacha ulivyokuwa. Ni yeye huyo aliyejenga daraja la Rialto miaka 11 baadaye.

Sasa nyumba ya marehemu baba. Paa limeungua, si nyumba. Kabla mtu hajaleta nyundo, mlete mwashi anayeijua chokaa, asiwe wa saruji tu. Ashushe timazi kwenye kila ukuta. Agonge matao kwa mpini wa nyundo asikilize jiwe lililoachia. Akwangue viungo vilivyo karibu na moto aone kama chokaa inashika au inamwagika. Ukuta uliotoka nje ya timazi kwa kidole kimoja katika miaka 80 haujaugua, umekaa tu. Ukikuta tao moja limelegea, linashikizwa kwa mbao na kujazwa upya jiwe kwa jiwe. Na kama fundi atasema apige lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, mwambie hapana, unyevu utakosa njia ya kutoka na ukuta utaoza ndani. Wanao waweke choo cha ndani, jiko, umeme na dirisha kubwa upande wa uani. Venice wanaishi hivyo, wana friji nyuma ya ukuta wa mwaka 1450. Nimekuwa mkali kidogo, unisamehe. Nyumba za namna yako Tabora nimezihesabu zikipungua kila safari ya treni.

*

SWALI: Shikamoo baba. Nyumba yetu Mwanga ina sakafu ya terazo aliyoiweka mzee wetu, nyeupe yenye madoa mekundu na meusi. Imepata nyufa tatu na imefubaa. Fundi anasema tuifunike kwa vigae. (Binti wa mwisho)

JIBU: Marahaba binti yangu. Nimeiweka barua yako mwisho kwa sababu umeileta Venice nyumbani kwako bila kujua. Hilo neno terazo ni la kule. Kwenye portego za majumba niliyoyasema, sakafu haikuwekwa vibao vya jiwe vizito. Walimwaga chokaa iliyochanganywa na matofali yaliyotwangwa juu ya mbao, wakanyunyiza chenga za marumaru zilizobaki kwa wachonga mawe, wakashindilia siku nyingi, wakasugua, wakapaka mafuta ya kitani. Nyumba ikishuka kidogo, sakafu inaifuata. Ya mzee wako ni ya saruji, ndugu wa ile, ila ni ngumu zaidi, ndiyo maana mafundi huigawa kwa vipande vyembamba vya shaba au kioo ili ipasuke pale inapoamriwa. Angalia kama yako imegawanywa. Kama nyufa zimefuata mistari hiyo, usiwe na hofu nazo.

Vigae usiweke. Ili vishike, fundi lazima aichimbechimbe terazo yote kwa tindo, na hapo haitarudi tena. Gonga sakafu kwa sarafu pembezoni mwa kila ufa. Sauti ikiwa nzito, ufa ni wa juu. Ikilia kama debe, kipande kimeachia, kikatwe na kumwagwa upya. Ufa wa juu usafishe kwa brashi na maji, ulowanishe, ujaze saruji nyeupe iliyochanganywa na chenga za rangi zilezile. Za nyekundu na nyeusi unaweza kuvunjavunja mwenyewe kutoka mabaki ya marumaru kwa wachonga makaburi. Funika gunia bichi siku nne. Kisha sugua kwa jiwe la kunolea na maji, kuanzia la chenga kubwa kwenda laini. Usisafishe kwa limau, siki wala dawa kali za chooni, zinakula marumaru, na nadhani ndizo zilizoifubaza.

Anza na kipande cha chini ya kitanda, ujue rangi ya saruji yako ikikauka inakuwaje, kabla hujagusa sebule.